Bata wa Mama Emerita

Zawadi, binti aliyepokea kituo changu cha kazi nilipostaafu, aliniomba niandike kurasa chache kuhusu namna ya kupambana na konokono bustanini bila dawa za viwandani. Akaziita "mbinu za Bwana Saidi". Wakulima wa bondeni wanaziita hivyo, na wagani wa kata za jirani pia. Nilimkubalia. Kisha nikakaa miezi mitatu bila kuandika hata mstari, kwa sababu mbinu hizo si zangu, na namna zilivyonifikia inanitia aibu. Sasa naandika. Vijana mtakaosoma mtapata mnachokitafuta, lakini itabidi mpokee na haya mengine.

Mimi ni mtu wa Tunduru. Baba yangu alikuwa na mikorosho, na kila msimu tulipuliza salfa kwenye maua. Mwaka ambao salfa ilichelewa, korosho zilikauka zikiwa changa na nyumba nzima ikanyong'onyea. Mwaka ambao ilifika kwa wakati, tulivuna. Kwa hiyo nilikwenda chuo cha kilimo nikiwa tayari naamini kwamba dawa ni kitu kinachotoka dukani ndani ya mfuko wenye maandishi. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilikua nayo tu, kama mtu anavyokua na lafudhi yake.

Kituo changu kilikuwa kwenye kata moja njiani kuelekea Peramiho. Siku ya kwanza nilifika nikiwa na buti mpya, baiskeli ya ofisi yenye breki moja, na suruali nyeupe. Suruali nyeupe! Aliyenipokea alikuwa Mzee Otmari Haule, bwana shamba mkongwe aliyebakiza miaka michache astaafu. Aliitazama ile suruali kwa muda, akasema, "Karibu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uje bondeni. Hiyo uiache nyumbani, ukaivae Idi."

Kesho yake alinipeleka kwenye bustani za kabichi na chainizi kando ya kijito, akanipigisha magoti kwenye matope. Akanionyesha michirizi ya ute inayong'aa juu ya majani. "Jua likishapanda hii inakauka," alisema, "halafu utaanza kusingizia panzi." Akafunua bonge la udongo. Chini yake kulikuwa na mayai meupe, madogo kama punje za mtama, na makoa wawili, wale konokono wasio na gamba, wamejikunja. Tangu siku hiyo sikuwahi kukagua bustani mchana. Mkichukua jambo moja tu kwenye maandishi haya, chukueni hilo: konokono mkague alfajiri.

Jambo la pili alilonifundisha sikulichukua. Alikuwa akifika kwa mkulima anauliza kwanza, "Wewe mwenyewe huwa unafanyaje?" Aliuliza hivyo kila nyumba, hata kama jibu alilijua. Mimi niliona anapoteza muda. Alipostaafu nikaachiwa kata, na lile swali nikaliacha.

Mkulima bora wa bonde lile alikuwa Mama Emerita Nyoni, mjane mwenye miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kabichi zake zilikuwa nzima kila mwaka, za jirani zake zikiwa na matundu kama chekeche. Alikuwa na bata ishirini na watatu. Nilimwona akiwapitisha bustanini, nikamwona akimwaga majivu, akitega vipande vya mgomba, akitwanga majani ya utupa. Sikumuuliza hata mara moja kwa nini. Kwenye daftari langu la ziara niliandika: "Mkulima anatumia njia za kienyeji. Anahitaji elimu."

Mwaka mmoja mvua zilizidi, konokono wakawa wengi kuliko kawaida. Mradi fulani ulioisha zamani ukatuletea dawa. Ilikuja kwenye ndoo nyeupe za plastiki, chembechembe za bluu zenye harufu ya pumba. Harufu ile ndiyo humvuta konokono aje ale. Nilitakiwa kuandaa shamba darasa, na wageni kutoka wilayani wangekuja Ijumaa kuona matokeo. Nilichagua bustani ya Mama Emerita kwa sababu ilikuwa karibu na barabara na ilipendeza. Alikubali. Alinitengea na togwa.

Maelezo kwenye ndoo yalisema chembechembe zitawanywe kwa uchache, mbalimbali, na ndege wa kufugwa wazuiwe wasifike. Niliyasoma na kuyaelewa. Lakini nilitaka wageni wakute konokono wengi wamekufa mahali pamoja, picha ipendeze. Kwa hiyo Jumatano jioni nilimwaga mafungu, moja chini ya kila kabichi. Na kwa miaka mingi nimejaribu kukumbuka kwamba nilimwambia afunge bata. Nimejaribu kwa bidii, kuna siku hata nimeiona midomo yangu ikisema. Sikumwambia.

Alhamisi asubuhi alifungulia bata kama kawaida yake. Nilipofika saa tatu, walikuwa wamelala kando ya matuta, wengine wakitetemeka, shingo zimepinda, midomo wazi. Walikula chembechembe, na walikula konokono waliokula chembechembe. Ishirini walikufa kabla ya mchana. Watatu walisalia kwa sababu walikuwa wanaatamia nyumbani.

Watu walikuwa wamekusanyika. Mwenyekiti wa kijiji aliniuliza mbele yao, "Bwana Shamba, kimewapata nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Haikuwa ngumu, ni maneno machache tu. Nikawaza wageni wa Ijumaa, nikawaza ripoti. Mdomo wangu ukasema, "Huu ni ugonjwa. Mdondo."

Mtu yeyote aliyesomea mifugo anajua mdondo ni wa kuku, na si rahisi uangushe bata ishirini kwa asubuhi moja. Lakini nafasi ya afisa mifugo katika kata ilikuwa wazi, na aliyekaimu alikuwa mimi. Hakukuwa na wa kunibishia.

"Basi tufanyeje?" mwenyekiti akauliza. "Bata wapo bonde zima. Kuku je?"

Uongo ukishasemwa mbele za watu unadai kulishwa. Kama ningesema msifanye chochote, wangejiuliza ni ugonjwa gani huo usiotisha. Nikasema bata wote wa bondeni wachinjwe wafukiwe, kabla kuku hawajaambukizwa. Nilizungumza kwa sauti ya ofisini. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, na watu wakatawanyika kwenda kuchinja.

Jioni ile Mama Emerita alikuja ofisini kwangu. Nilisimama nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akabaki mlangoni.

"Mwanangu," alisema, "una hakika ni ugonjwa?"

"Nina hakika, mama."

Alinitazama. Hakukasirika, wala hakulia. Akasema, "Haya," akaondoka. Kesho yake asubuhi alikuja na tenga. Ndani yake walikuwamo wale watatu waliosalia. Aliniwekea tenga mikononi, pale kwenye shimo la kufukia bata, watu wakiona. "Chukua mwenyewe, Bwana Shamba," alisema. Tangu siku hiyo hakuniita tena mwanangu.

Wageni walikuja Ijumaa. Picha zilipigwa. Konokono waliokufa walikuwa wengi kweli, walijaa karai. Ripoti niliandika mimi, nikagonga mhuri, na ndani yake nikaandika kwamba ugonjwa wa bata ulianzia kwenye banda la mkulima Emerita Nyoni. Ilikuwa lazima uanzie mahali.

Msimu uliofuata bonde halikuwa na bata hata mmoja. Konokono waliongezeka na watu wakapanga foleni kuchukua dawa. Mwaka mwingine tena, hivyo hivyo. Mbwa wawili walikufa, na vyura mtoni wakapungua mpaka watu wakasema. Kisha mradi ukafunga ofisi na ndoo nyeupe hazikuja tena, ila zile tupu zilibaki kwenye nyumba za watu zikichotewa maji, jambo ambalo lilinikosesha raha kuliko nilivyoonyesha. Nilipita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Nilisema tunazihitaji ofisini.

Bustani zikaliwa. Wanawake wanne waliacha kilimo cha mboga kabisa. Na hapo, miaka kadhaa tangu lile shimo, likaja agizo kwamba wagani tufundishe kilimo kisichotegemea dawa za viwandani. Kila mmoja aandae somo na aliwasilishe kwenye semina mjini Songea. Mimi sikuwa na somo. Nilijua mtu mmoja tu aliyekuwa nalo.

Nilikwenda kwa Mama Emerita nikiwa na pikipiki ya ofisi wakati huo. Nilimkuta bustanini. Niliuliza kwa unyonge lile swali la Mzee Otmari, "Mama, wewe mwenyewe huwa unafanyaje?"

Alisimamisha jembe. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Njoo kesho alfajiri. Uje na daftari."

Nilikwenda kwake mara kumi na mbili, kila mara alfajiri. Haya ndiyo aliyonifundisha, na nayaandika kama alivyosema.

Kumwagilia ni asubuhi, kamwe si jioni. Ukimwagilia jioni unamtandikia konokono zulia. Majivu yazunguke kitalu kwa upana wa kiganja, yawe makavu. Yakilowa na umande au mvua hayana kazi, yabadilishwe, na yasigusane na shina la mche. Vipande vya mgomba vilivyopasuliwa, au magunia yaliyoloweshwa, vilazwe kati ya matuta wakati wa magharibi. Alfajiri unavigeuza, na wageni wako wamelala chini yake, unawaokota. Unawatia kwenye ndoo yenye maji ya chumvi, au unawapa bata.

Bata waingie bustanini kabla ya kupandikiza na baada ya kuvuna. Ukiwaingiza miche ikiwa michanga wataikanyaga, na utasema konokono walikuwa afadhali. Wasikae siku nzima, saa moja asubuhi inatosha, kisha watoke.

Machicha ya pombe ya mahindi huwekwa kwenye kopo lililofukiwa usawa wa udongo. Makoa wanayapenda, wanaingia, wanazama. Mimi sijawahi kuonja pombe maisha yangu yote, lakini kwa ajili ya somo hili nimesimama kwenye vilabu nikisubiri machicha mara nyingi mpaka wenye vilabu wakaanza kunisalimia kwa jina.

Majani ya utupa hutwangwa, hulowekwa mpaka kesho yake, kisha hunyunyizwa njiani na kwenye kingo za matuta. Hufanya kazi kwa makoa na konokono wadogo. Kwa wale wakubwa wenye gamba gumu hayafui dafu, hao ni wa kuokota kwa mkono. Na utupa usikaribie kijito. Wazee walivulia samaki kwa mti huo, maana yake unaua samaki. "Kwa kuwa umeota shambani kwangu haina maana kwamba hauna sumu," Mama Emerita aliniambia. Alikuwa mwangalifu na jani kuliko mimi nilivyokuwa na ndoo.

Bata hakuwa nao. Nilimuuliza kwa nini hajafuga wengine, muda wote huo ukiwa umepita. Akasema, "Nani ataniuzia?" Nikachukulia kwamba bata ni adimu. Nikamtafutia wanne Peramiho, nikampelekea kwa tenga. Aliwapokea, akasema asante. Nilirudi nikijiona nimelipa.

Semina ilifanyika kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Majengo. Nilisimama mbele ya wagani wa mkoa nikaeleza yote, na vipande vya mgomba nilikuwa nimebeba kuonyesha. Walipiga makofi. Mmoja akanyoosha mkono, "Ndugu Saidi, utaalamu huu umeupata wapi?"

Nikajibu, "Ni majaribio yangu ya muda mrefu."

Hapo ndipo zilipoanza kuitwa mbinu za Bwana Saidi. Kama ningemtaja, wangeuliza ni Emerita yupi, na wapo waliowahi kusoma ripoti. Ndivyo nilivyojitetea. Ukweli ni kwamba makofi yalikuwa matamu.

Nilifundisha mbinu zile miaka yote iliyobaki. Zimesaidia watu wengi, silikatai hilo. Bata walirudi bondeni taratibu. Nilistaafu kwa sherehe ndogo, nikapewa redio na shuka. Kisha Zawadi akaja na ombi lake. "Mzee wangu," alisema, "andika ulivyogundua. Vijana wajue ilianzaje." Binti yule ananiheshimu kwa moyo mweupe. Nilishindwa kumtazama usoni.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Mama Emerita. Amezeeka, anatembea kwa mkongojo, lakini kichwa chake kizima. Nilimkuta jikoni kwake amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Nikaketi chini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yakatoka sita tu.

"Mama, wale bata hawakufa kwa ugonjwa."

"Najua," akasema. Hakuacha kupukuchua.

"Unajua?"

"Siku ileile nilipasua firigisi za watatu kati ya waliokufa. Zilikuwa za bluu, kama ile bluu ya kufulia nguo. Ndiyo maana nilikuja kukuuliza. Nilitaka uniambie mwenyewe."

Nilimuuliza kwa nini hakusema kwa watu.

"Nimwambie nani? Daftari ulikuwa nalo wewe. Mhuri ulikuwa nao wewe. Mimi nilikuwa mwanamke mwenye bata waliokufa."

"Na bado ukanifundisha."

"Sikukufundisha kwa ajili yako. Kabichi za watu zilikuwa zinaliwa, na mimi hakuna aliyenisikiliza. Wewe walikuwa wanakusikiliza."

Kisha akaniambia jambo ambalo niliishi jirani nalo miaka ishirini na moja bila kulijua. Baada ya ripoti yangu watu walisema mkono wake una nuksi. Walioua bata wao walimlaumu yeye. Hakuna aliyemuuzia kifaranga wala kumpa mbegu ya kuku. Watoto walikatazwa kula kwake. Na msiba ukitokea, wanawake wote wakienda kupika, yeye hakuitwa. Alikwenda kukaa na wafiwa kama wengine, lakini akisogea jikoni anaambiwa, "Pumzika, mama, tunatosha." Kwa mtu wa mjini hilo huenda ni dogo. Kijijini, mwanamke ambaye haaminiwi kushika mwiko msibani ni kama hayupo.

Nililia. Nina miaka zaidi ya sitini, nililia mbele yake kama mtoto, nikamwomba msamaha. Alisubiri nimalize.

"Msamaha wa hapa jikoni utamsaidia nani?" akasema. "Jumamosi kuna mkutano wa kijiji."

Nilikwenda. Zawadi alikuwapo, nilimwomba awepo. Mwenyekiti wa sasa ni kijana, hakuwa anajua lolote, akanipa nafasi akidhani nataka kuaga. Nikasimama nikasema yote: mafungu ya dawa chini ya kabichi, bata, uongo, shimo, ripoti, semina, na jibu nililotoa Majengo. Sikulia safari hii. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kwa sababu sauti ya ofisini nilikwisha kuona inavyofanya kazi.

Kisha akasimama Mama Severina, jirani yake Mama Emerita, nyumba zao zinatazamana.

"Kwa hiyo bata wangu kumi na mmoja niliwachinja bure?"

"Bure, mama."

"Na huyu," akaelekeza kidole nyuma alikokuwa ameketi Mama Emerita, "huyu nimewakataza wajukuu zangu wasiguse chakula chake. Bure?"

"Bure."

Alibaki amesimama, akitafuta neno la kunitukana. Hakulipata, au aliyaona yote hayatoshi. Akaketi, akajifunika kanga usoni.

Mwenyekiti akamuuliza Mama Emerita kama ana la kusema. Alisema, "Nimesikia." Akachukua mkongojo wake akaenda nyumbani, mkutano haujafungwa.

Zawadi alinisindikiza mpaka kituo cha basi. Basi lilipokuja alisema, "Bado nataka uandike, mzee. Ila nitabadilisha jina la somo." Hakuniita mzee wangu. Ni sawa.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Kumetokea msiba kwa Mama Severina, amefiwa na dada yake. Wanawake walikwenda kumfuata Mama Emerita nyumbani kwake, kundi zima, kumwomba aje asimamie vyungu. Zawadi alikuwa kati yao. Anasema Mama Emerita aliwakaribisha, akawapa pole, akawashukuru sana kwa kumkumbuka. Kisha akawaambia ana miaka sabini na tano sasa, magoti yake hayawezi tena kukaa motoni siku nzima.

Walirudi bila yeye.